TUKO WANGAPI? SOMO LA UTAFITI KUTOKA SILANGA

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuuliza si ujinga. Lakini wahenga hao hao hawakutuonya kuwa mtu aulizaye vibaya hurudi nyumbani na ujinga ule ule alioondoka nao, ila sasa ameuandika kwa wino.

Ndugu msomaji, mimi ni mzaliwa na mkazi wa Silanga, mojawapo ya vijiji vya Kibera, kule chini upande wa Bwawa la Nairobi. Jina lenyewe lanukia maji, maana watu wengi wa bara huita bwawa "silanga". Bwawa letu lilijengwa mwaka wa 1953 liwe akiba ya maji ya jiji. Kwa miaka mingi kilichojaa humo ni magugu na taka kuliko maji, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Muhula wa kwanza chama chetu kilifanya mjadala. Hoja ilikuwa: "Watafiti wanaokuja mitaani mwetu wanatufaa kuliko wanavyotusumbua." Msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono alisimama, akakohoa kidogo kama ilivyo ada, akaanza: "Bwana Mwenyekiti, waamuzi, mtunza saa, walimu na wanafunzi wenzangu. Kibera ina watu milioni moja..." Hata hakumaliza. Mpinzani mmoja alikuwa ameshasimama. "Hoja ya nidhamu, Bwana Mwenyekiti! Msemaji anatupotosha. Ni 170,000!" Ukumbi ukawa kama soko la Toi siku ya Jumamosi. Kila mtu alikuwa na nambari yake na kila mtu alikuwa na hakika.

Mlezi wetu alitunyamazisha, kisha akauliza swali moja tu. "Tofauti ya hesabu zenu ni watu 830,000. Hao wamekwenda wapi?"

Hatukuwa na jibu. Alitupa muda hadi mwisho wa muhula tulitafute, nami nikaombwa niandike tuliyoyapata. Ndiyo haya.

Tuanze na hesabu ya shule ya msingi. Kibera yote, kutoka Kianda na Soweto Magharibi hadi Laini Saba, Soweto Mashariki na kwetu Silanga, ina ukubwa wa kiasi cha kilometa mraba mbili na nusu. Hizo ni meta mraba 2,500,000. Ukiwagawia watu milioni moja, kila mmoja anapata meta mraba mbili na nusu. Kitanda cha kawaida kinachukua karibu mbili. Kwa hiyo kila mkazi wa Kibera, hata mtoto mchanga, angekuwa amelala kitandani mwake, na nafasi iliyobaki ya kuweka kiti na jiko ndiyo hiyo hiyo itoke reli, barabara, mitaro, makanisa, misikiti, mashule, vyoo, vibanda vya mboga na uwanja wa mpira. Sisi tunaishi kwa kubanana, ndiyo, lakini hatujafika huko.

Sasa gawa kwa 170,070. Utapata karibu meta mraba 15 kwa kila mtu. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ndicho wengi wetu tunakijua, ni meta mraba tisa na kidogo, na ndani yake hulala watu wanne, watano, hata saba. Weka reli na barabara na mengineyo, hesabu inaanza kufanana na maisha. Ni ajabu kwamba kwa miaka mingi watu wazima wenye shahada waliitaja milioni moja bila kushika kalamu wakagawanya.

Je, milioni ilitoka wapi? Ukifuatilia utaona kila mmoja alimnukuu mwenzake. Mwandishi wa habari alimnukuu mtu wa shirika, mtu wa shirika akanukuu ripoti, ripoti ikanukuu gazeti. Wengine walisema 700,000, wengine wakapandisha hadi milioni na zaidi. Hakuna aliyepita mlango kwa mlango. Lakini nisiwalaumu wageni peke yao. Sisi pia tuliipenda. Milioni ni nambari nzuri ya kuombea msaada, ni nzuri ya kumtishia mwanasiasa, na ni nzuri ya kujisifia kwa wenzetu wa Kawangware kwamba mtaa wetu ndio mkubwa kuliko yote Afrika. (Wenzetu wa Kawangware walijibu kuwa hiyo si sifa. Kweli.)

Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilifanywa usiku wa tarehe 24 Agosti, na matokeo yakatangazwa mwaka uliofuata. Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, lilisema Kibera ina watu 170,070. Kata ndogo ya Lindi ndiyo iliyokuwa na wengi, 35,158. Kwetu tulikuwa 17,363. Na tazama ukurasa wenyewe: wametuandika "Siranga". Mwalimu wetu wa Kiswahili angepiga duara jekundu hapo, kwa maana tumefundishwa kila siku kutochanganya "l" na "r", na kumbe serikali nzima imeteleza.

Nimeambiwa na wakubwa kuwa nambari hiyo ilipotangazwa watu walicheka, halafu wakakasirika. Wengine walisema serikali imetupunguza kwa makusudi ili itunyime haki zetu. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Usiku ule mlinzi yuko kazini Kilimani, mwingine ameogopa swali la kabila kwa sababu vita vya mwaka uliotangulia vilikuwa bado mwilini mwake, mwingine hataki mwenye nyumba ajue wako wangapi chumbani. Kwa hiyo ni kweli kuna waliokosa kuhesabiwa. Lakini je, ni 830,000?

Bahati nzuri serikali haikuwa peke yake katika kazi hiyo. Watafiti wa IFRA, taasisi ya Kifaransa ya utafiti iliyoko Nairobi, walichukua picha za satelaiti, wakapima mapaa, kisha wakateremka mtaani kuhesabu watu walio chini ya mapaa hayo katika sehemu walizozichagua. Walipata karibu watu 200,000. Mwanasosholojia mmoja kutoka Italia, Stefano Marras, alianza na kijiji cha Kianda pamoja na vijana wa hapo hapo, kisha akakadiria kuwa Kibera nzima ina watu kati ya 235,000 na 270,000. Watu tofauti, njia tofauti, na hakuna hata mmoja aliyefika 300,000.

Hapo mlezi alitusimamisha ili tujifunze neno "sampuli". Mpishi wa shule haonji sufuria nzima ya githeri ili ajue kama chumvi imekolea. Anaonja kijiko kimoja. Hicho kijiko ndicho sampuli. Lakini lazima akoroge kwanza. Asipokoroga, kijiko cha juu ni maji matupu na cha chini ni chumvi tupu. Kibera haijakorogwa. Kuna upande una nyumba za mawe na upande una nyumba za udongo, kuna ploti zenye familia na ploti zenye vijana watupu. Kijiko cha Kianda hakikuambii chumvi ya Silanga. Ndiyo maana Marras alitoa nambari mbili, ya chini na ya juu, badala ya moja. Mtafiti anayekupa nambari moja kavu, isiyo na "kati ya" wala "karibu", mwulize alikoroga namna gani.

Sasa nifike kwenye sehemu inayotuhusu sisi watu wa Kiswahili hasa, nayo ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Mlezi alisema maneno hayatoshi, twendeni tukahesabu. Jumamosi moja tukateremka watu sita hadi ploti moja karibu na kwetu. Tukaomba ruhusa kwa mwangalizi wa ploti na kwa mzee wa kijiji. Tukajigawa vikundi vitatu vya watu wawili wawili, kila kikundi na swali lake moja. Cha kwanza kiliuliza: "Nyumba hii ina watu wangapi?" Cha pili: "Usiku wa kuamkia leo walilala hapa watu wangapi?" Cha tatu: "Familia yako ni watu wangapi?"

Mlango wa kwanza alikuwa mama mmoja anayeuza samaki jioni. Kikundi cha kwanza kilipomuuliza alirudisha swali: "Nyumba gani? Hii yangu au hii yote?" Hapo hapo tulikwama. Maana kwetu nyumba ni chumba kimoja chenye mlango wake. Lakini mwenye mali akisema "nyumba yangu" anamaanisha ploti nzima yenye vyumba kumi, na mtu kutoka Karen akisikia nyumba anaona sebule, jikoni na vyumba vitatu vya kulala. Tulipomweleza, akasema watano. Kikundi cha pili kilipomjia akasema watatu, kwa sababu kijana wake alilala kwa rafiki na binti alikuwa bweni. Kikundi cha tatu kilipofika akasema wanane: hao watano, wawili walio kwa nyanya yao mashambani, na mmoja. Tulipomuomba awataje ili tuandike, alitaja saba. Nitarudi kwake.

Tazama basi. Mama mmoja, mlango mmoja, asubuhi moja: watano, watatu, wanane. Hakudanganya hata mara moja. Tulivuna tulichopanda.

Watu wa takwimu wanajua shida hii, na dawa yao ni neno "kaya". Kaya, kwa maana yao, ni watu wanaoishi pamoja, wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja. Ukienda Pwani na neno hilo utakuta maana nyingine, maana makaya ya Wamijikenda ni misitu mitakatifu walimoishi mababu, na mwaka 2008 yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Basi mdodosaji akimuuliza mzee wa Kigiriama "kaya yako iko wapi," asishangae akionyeshwa mlima.

Hata kwetu neno hilo linateleza. Mlango wa pili wa ploti ile walikaa vijana watatu. Mmoja ni soja wa usiku, analala mchana kwenye kitanda kile kile ambacho mwenzake amekilalia usiku. Hawapiki. Kila mmoja anakula chapati na maharagwe kibandani anakojua. Chungu chao ni cha mama wa kibanda! Je, ni kaya moja, ni kaya tatu, au ni watoto wa mama wa kibanda? Tulibishana hadi mmoja wao akatuambia tukae chini, tunamzibia mwanga.

Jaribu wewe mwenyewe, msomaji. Usiku huu uliza nyumbani kwenu maswali hayo matatu, kila moja kwa mtu tofauti, bila kuwaambia sababu. Andika majibu kabla ya kuyajadili.

Utaniuliza, kwani haya ya chungu na mlango yana uzito gani? Yana uzito wa kura na shilingi. Katiba ya 2010 iliweka majimbo ya uchaguzi 290. Hesabu ya 2009 iliipa Kenya watu 38,610,097. Gawanya, unapata watu 133,138 kwa jimbo, na hicho ndicho kipimo kilichotumiwa mwaka 2012 majimbo yalipokatwa upya. Kibra ilitolewa ndani ya Langata ikawa jimbo lake yenyewe. Na jimbo lina fedha zake za maendeleo. Kwa upande mwingine wa nchi jambo lilikuwa kinyume: wilaya nane za kaskazini, Mandera, Wajir, Turkana na jirani zao, zilionekana kuwa na watu wengi kupita kiasi, na waziri wa mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, akatangaza kuyafuta matokeo yao. Kwa hiyo mwaka ule ule kuna Wakenya waliolalamika kuwa wamepunguzwa na wengine wakalalamika kuwa wameambiwa wamejiongeza. Anayefikiri takwimu ni somo kavu hajawahi kuwa upande wowote wa malalamiko hayo.

Hesabu ya 2019 iliipa kaunti ndogo ya Kibra watu 185,777. Usiiweke kando ya ile ya 2009 ukasema tumeongezeka kidogo tu, kwa maana hii inachukua pia Woodley na sehemu nyingine ambazo si vijiji vyetu. Mipaka ikibadilika, nambari nayo inabadilika jina. Hili nalo tulilikosea katika rasimu ya kwanza, na mlezi akaturudishia.

Kuna mambo mazito zaidi ya fedha za jimbo. Ardhi ya Kibera ina historia yake. Wanubi, askari wa Kisudani wa jeshi la mkoloni, waliwekwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eneo lilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Iliwachukua vizazi kadhaa kupata hati, na walipoipata Juni 2017 ilikuwa ya ekari 288. Sehemu kubwa iliyobaki ikahesabiwa kuwa ya serikali, na juu yake zikajengwa nyumba za watu wasio na hati, zikapangishwa kwa watu wasio na mkataba. Ruhusa ilikuwa ya mdomo, kwa chifu na wazee. Hapo ndipo penye kiini cha mambo mengi: mwenye nyumba si mwenye ardhi, mpangaji ndiye wengi, na daftari hakuna.

Mwishoni mwa Oktoba 2001 Rais Moi alizuru Kibera, akasema kodi iko juu, ipunguzwe. Mbunge wetu wa wakati huo, Raila Odinga, naye alikuwa waziri, na maneno yake yalielekea huko huko. Wapangaji wakaelewa kuwa kodi imeshapunguzwa. Wenye nyumba wakaelewa kuwa wananyang'anywa. Neno "ipunguzwe" halikusema kwa kiasi gani, kuanzia lini, wala nani atalipa fidia. Mapema Desemba watu wakapigana kwa mapanga. Zaidi ya watu kumi waliuawa na maelfu wakahama. Laiti pangekuwa na hata orodha moja ya kuaminika ya vyumba na kodi, wakubwa wangekuwa na kitu mezani cha kuzungumzia. Palikuwa na neno moja la mdomo tu.

Vita vya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kila msomaji anavijua, au amesimuliwa. Reli iling'olewa hapa hapa kwetu. Soko la Toi liliteketea. Watu wa Kibera walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Jamhuri Park. Tarehe 28 Februari 2008 mkataba ulitiwa sahihi mbele ya Kofi Annan, kisha ikaundwa tume ya Jaji Philip Waki, ambayo ilitoa ripoti Oktoba mwaka huo. Tume ilihesabu waliouawa 1,133, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Hiyo ya pili ndiyo mfano wa utafiti unaofanya kazi. Kabla yake mtu angeweza kusema wote waliuawa na majirani zao kwa mapanga na mishale. Walipoulizwa madaktari na vyumba vya maiti "amekufa kwa nini," na si "amekufa nani" peke yake, ikabidi polisi nao waulizwe maswali.

Ripoti ile ile ina sura nzima juu ya wanawake na wanaume waliobakwa, na tume ilikiri kuwa wengi hawakupiga ripoti popote. Hospitali huhesabu wanaofika hospitalini. Aliyejifungia chumbani Lindi au Kisumu Ndogo hayumo.

Na neno "mkimbizi wa ndani"? Lilipoanza kutumika, wengi walilielewa kuwa mtu aliye kambini, chini ya hema. Serikali ilipotoa shilingi 10,000 kwa kila familia mwaka 2008 ili watu warudi makwao, na 25,000 kwa waliochomewa nyumba, walioorodheshwa kambini ndio waliokuwa na njia rahisi. Aliyekimbilia kwa shangazi yake Kawangware, wakalala kumi na mmoja chumbani, hakuonekana kuwa mkimbizi, kwa sababu ana shangazi. Wakarimu waliadhibiwa kwa ukarimu wao. Ningependa wanaotunga fomu za misaada walikumbuke hilo: Mwafrika akikimbia, mlango wa kwanza anaobisha ni wa jamaa.

La mwisho la namna hii lilitokea mwaka 2018, nami nililiona kwa macho yangu ya utotoni. Barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata ilipangiwa kupita katikati ya Kibera. Kulikuwa na makubaliano kwamba watu watakaoguswa waorodheshwe kwanza. Kuhesabu kukaanza. Tarehe 23 Julai matingatinga yakafika, kabla kazi ya kuorodhesha haijakamilika na watu kupewa makao. Mashirika ya haki yalikadiria kuwa watu wapatao 30,000 walipoteza makao, na shule pia zilibomolewa. Hapa swali lilikuwa nani ni "mwathiriwa". Mwenye vyumba ishirini ambaye haishi hapo? Mpangaji aliyeingia mwezi uliopita? Mwalimu wa shule iliyobomolewa, anayeishi Kawangware? Orodha isipomalizika, maswali hayo hujibiwa na tingatinga.

Si kila kuhesabiwa ni kubaya, nisije nikaeleweka hivyo. Mwishoni mwa 2009 vijana wa vijiji vya Kibera walipewa vifaa vya kupokea ishara za satelaiti, wakatembea kwa miguu wakiandika: hapa pana mfereji, hapa zahanati, hapa choo, hapa ni hatari usiku. Mradi huo uliitwa Map Kibera, ukaanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron pamoja na vijana wenyewe. Kabla ya hapo, kwenye ramani ya OpenStreetMap inayoonekana na dunia nzima, Kibera palikuwa doa tupu. Kilichonipendeza si mashine. Ni kwamba waliouliza waliishi humo, hivyo walijua kuwa choo chenye kufuli si choo kwa asiye na shilingi za kulipia, na wakaandika tofauti.

Sheria nazo zipo, na ni vyema kila mkazi azijue. Hesabu ya watu ya taifa ni lazima kujibu, na majibu yako ni siri. Utafiti mwingi mwingine si lazima. Mtafiti anatakiwa awe na kibali cha NACOSTI, akueleze anataka nini, apate idhini yako, na ukisema hapana asikununie. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo inakupa haki ya kujua habari zako zimewekwa wapi na kwa kazi gani. Picha ya mtoto akicheza mtaroni nayo ni habari zake.

Tulipomaliza maswali yetu, yule mama muuza samaki alituuliza yake. Mwaka ule alikuwa ameulizwa mara tatu na watu watatu tofauti anajisaidia wapi. "Wote wameandika," akasema. "Choo kiko wapi?" Kisha akauliza kama tutakuja kumsomea tulichoandika, kwa sababu wale watatu hakuwaona tena.

Kusema haki, hatukuwa tumepanga kurudi. Kazi yetu ilikuwa ya kupeleka kwa mlezi. Tulitazamana kwa aibu, tukamwahidi Jumanne baada ya masomo.

Jumanne tulikwenda. Akaacha kuparura samaki, akapangusa mikono, akaketi juu ya mtungi. Tulimsomea yote: watano, watatu, wanane, na majina saba. Alitusahihisha mara mbili. Tulikuwa tumemwandika mjukuu kuwa mtoto, na umri wa binti tulikuwa tumeukosea. Halafu akauliza tumemwandika wapi yule wa nane. Tukasema hakututajia jina. Akalitaja. Ni kifungua mimba wake, aliyetoka kwenda Toi Januari 2008 kutazama kama kibanda chao kimesalia. Alimtafuta hospitalini, akamtafuta mochari, hakuwa humo. Kwa hiyo si mmoja wa wale 1,133, na si mkimbizi, na usiku wa Agosti 2009 hakulala nyumbani.

Karatasi yetu ilikuwa na safu mbili tu, "yupo" na "ameenda kwingine". Mwenzangu alitoa rula kwenye mkoba, akachora ya tatu.